Choo cha Nyakahura Kilichotaka Redio

Kutoka Ifakara hadi Nyakahura ni safari ambayo mtu huifanya akiwa na sababu: msiba, mke au ng'ombe. Mimi sikuwa na hata moja. Nilimaliza kidato cha nne, nikalima mpunga na baba msimu mmoja, nikaona miguu inawasha. Nikaenda Morogoro kubeba mizigo sokoni, Dodoma kuchanganya zege, Singida kuuza vitunguu kando ya barabara, Kahama kusukuma toroli machimboni. Kila mahali nilikaa mpaka nikajua majina ya mbwa wa jirani, kisha nikaondoka. Kahama ndiko nilikopata kazi ya utingo kwenye lori la saruji lililokuwa linakwenda Ngara. Tulipita Ushirombo, tukapita Runzewe, tukala wali wa baridi Nyakanazi, na tulipofika Nyakahura gia zikagoma. Dereva akashuka, akachungulia chini ya gari, akatukana kwa sauti ya chini kama mtu anayesali, akapanda basi kurudi Kahama kutafuta spea. Mimi akaniacha nilinde saruji.

Nyinyi vijana mnaobaki na vifaa vyangu mmeniuliza mara nyingi nilisomea wapi ufundi. Nilisomea pale, kwenye gesti ya vyumba vichache iliyokuwa ng'ambo ya barabara, asubuhi nilipoingia chooni na kukuta maji yamefika ukingoni. Mwenye gesti akamwita fundi. Akaja mzee mwembamba juu ya baiskeli, fito za mianzi zimefungwa ubavuni kama mtu anayekwenda kuvua samaki, ndoo ikigongagonga kwenye usukani.

"Shikamoo, mzee," nikamwambia.

"Marahaba. Wewe ndiye uliyekijaza?"

"Hapana, nimekikuta."

"Wote hukikuta," akasema, akaegesha baiskeli.

Huyo ndiye Mzee Laurenti, Mhangaza wa kijiji cha Mbuba, Ngara, ingawa sokoni wengi walimwita Raurenti na yeye hakujali. Kabla ya kutazama choo aliomba chai. Akakaa, akanywa taratibu, akaongea na mpishi, akamuuliza dada wa usafi wageni wa wiki hiyo walikuwa watu wa namna gani. Mimi niliyekuwa nimebanwa tangu alfajiri nilimwona mzee mvivu kuliko wote niliowahi kukutana nao. Kisha akainuka, akasema, "Wewe wa lori, njoo ushike ndoo," na kabla jua halijapanda alikuwa ametoa gunzi la mahindi kwenye koo la choo. Dada wa usafi alikuwa amemwambia kwamba kulikuwa na wageni waliotoka shamba. Mtu aliyezoea choo cha shimo hukaa na gunzi lake mfukoni, akimaliza hulitupa lilipo shimo. Shimo la gesti lilikuwa na kona, basi.

Spea ikaja, lori likapona, likaondoka. Mimi nikabaki. Dereva alinipigia honi mpaka kona ya mwisho, na sijui hadi leo kama alikuwa anaaga au anatukana.

Nitasema machache kuhusu kazi yenyewe, maana ndiyo mliyoomba. Choo kikiziba nyumbani, jambo la kwanza ni kuacha kuvuta maji. Kila mtu huvuta tena, eti labda kitasikia huruma. Hakina huruma, kitakumwagia miguuni. La pili ni kwenda nyuma ya nyumba kufungua chemba, kile kishimo chenye mfuniko ambamo bomba la choo hupita kabla ya kufika kwenye shimo kubwa. Chemba ikiwa kavu, tatizo liko kati ya hapo na sinki la choo. Ikiwa imejaa, ondoka chooni, kazi yako iko mbele zaidi. Mafundi wengi wamevunja vigae vya watu kwa kutofungua mfuniko mmoja.

Mpira wa kuzibulia, ule wenye mpini, hausukumi uchafu. Unauvuta. Shusha polepole mpaka ukae vizuri ndani ya maji, kisha vuta kwa nguvu, rudia. Ukiwa huna, funga matambara kwenye fimbo, yavalishe mfuko wa nailoni, yabane vizuri. Mzee Laurenti alitumia hiyo miaka yote na hakuona sababu ya kununua mpira. Maji ya moto yenye sabuni husaidia kwenye mafuta, lakini yawe ya kuoga, si ya kusongea ugali. Sinki hupasuka, kisha utakuwa umezibua choo ambacho hakipo. Na mianzi ipasuliwe ikiwa mibichi, ndiyo inajikunja kwenye kona bila kuvunjika. Nilikuja kununua waya wa kisasa wa kuzungusha, mnaujua, lakini fito zile za Mbuba sikuzitupa.

Sasa nije kwenye nyumba ya Evodi. Nimeingia kwenye vyoo vya padri, vya baa na vya shule, Ngara mpaka Biharamulo mjini, ila nikifumba macho ni choo cha nyumba hiyo kinachonijia.

Evodi alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe hapo hapo Nyakahura, mtu wa sauti kubwa na moyo mzuri. Alikuwa amejenga nyumba ya matofali ya kuchoma, na ndani akaweka choo cha kukaa, kwa sababu ya mtu mmoja. Mama mkwe wake, Bibi Skolastika, alikuwa akiishi peke yake Mbuba. Siku moja ya mvua aliteleza akienda kwenye choo chake cha shimo huko chini ya migomba, akavunjika paja. Hospitali walimfunga plasta, wakamruhusu, wakamwonya: kuchuchumaa hapana, mpaka mfupa ushike. Jeneroza, binti yake, mke wa Evodi, akamchukua akae naye. Kwa choo kile cha kukaa bibi aliweza kwenda mwenyewe, na mkongojo wake, bila kubebwa na mtu. Kwa mama wa umri ule, aliyelea watoto na kuzika mume, hilo halikuwa jambo dogo.

Tatizo ni kwamba choo kilikuwa kinaziba. Mara ya kwanza tulikizibua kwa matambara. Mara ya pili tulipitisha mianzi kutokea kwenye chemba. Tulipoitwa tena, tulikuta sinki jipya la kuchuchumaa limeegemezwa ukutani uani, jeupe, na karatasi ya dukani bado iko juu yake.

"Nimechoka," Evodi alituambia. "Hili la kukaa lina koo jembamba. Leo lizibueni, kesho mwashi anakuja analing'oa, anaweka hilo la kuchuchumaa."

"Na bibi?" nikauliza.

Evodi akatazama chini. "Itabidi arudi Mbuba. Kuna mtoto wa ndugu yake atakwenda kumtazama jioni jioni. Nifanyeje, Ifakara? Nyumba nzima tunakwenda kujisaidia kwa jirani. Jirani naye ameanza kufunga kwa kufuli."

Ifakara ndilo jina nililopewa huku, sikupewa lingine.

Mzee Laurenti kama kawaida akaomba chai. Mimi nikaanza kazi. Chemba ilikuwa kavu. Matambara hayakusaidia, mianzi ikagonga kitu kigumu na kurudi. Ikabidi tufungue skrubu, tukate silikoni, tulibebe sinki zima mpaka uani na kulilaza kifudifudi. Nikaingiza waya uliokunjwa kwenye koo, nikakwangua. Yakatoka mabonge ya kijivu, magumu, kama ukuta uliobomoka.

"Saruji," nikasema kwa ujuzi wote wa mtu aliyeshuka kwenye lori la saruji. "Waashi waliosha vifaa vyao humu."

Mzee akachukua bonge, akalivunja, akalisugua kati ya vidole. Ndani mlikuwa na kipande kidogo cha mkaa.

"Saruji ya wapi inapikwa kwa kuni?" akauliza.

Yalikuwa majivu. Yalikuwa yamelowa, yakashikamana na yale mengine ambayo sina haja ya kuyataja, yakaganda tabaka juu ya tabaka. Mzee aliweka bonge chini. Akanawa mikono, akaenda kukaa karibu na Bibi Skolastika aliyekuwa kwenye kigoda nyuma ya jiko akichambua maharage, mguu mbaya ameunyoosha mbele. Wakaanza kuongea Kihangaza. Changu kilikuwa bado kinachechemea, lakini cha jikoni nilikielewa.

"Mama Jeneroza," mzee akasema, "yale majivu unayaweka ya nini?"

Bibi hakushtuka hata kidogo. "Choo ni choo. Mtu akimaliza anafunika. Harufu inakufa, inzi hawaji. Mama yangu alinifundisha hivyo, nami nikamfundisha huyu." Akaonyesha kwa kidevu Jeneroza aliyekuwa anakoleza moto. Kisha akatoa chini ya kitenge kopo la maziwa ya unga, limejaa majivu yaliyochekechwa vizuri, laini kama poda ya mtoto.

"Na ule mpini wa maji, huuvuti?"

Bibi akaangalia kulia, akaangalia kushoto, akashusha sauti.

"Kile kitu kinanguruma kama lori linapanda mlima! Mkwe wangu amekaa sebuleni, ukuta mmoja tu katikati yetu, anakunywa chai yake. Nivute, ajue mama wa mke wake ametoka kufanya nini? Afadhali nife."

Mliozaliwa huku hamhitaji maelezo, lakini mimi niliyehitaji nitayaandika. Mama mkwe na mkwewe wa kiume hawali meza moja. Wakikutana mlangoni mmoja hupisha mapema. Evodi alipomsalimia Bibi Skolastika alisimama mbali na kutazama pembeni, naye bibi alijibu akiwa amejifunika kitenge hadi kidevuni. Sasa watu hao wawili walikuwa wakiishi chini ya bati moja, na choo kinachotangaza habari zao.

"Mama!" Jeneroza akaacha moto. "Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia wewe, wewe ungemwambia mumeo."

Jeneroza akarudi kwenye moto. Ni kweli angemwambia.

Mzee Laurenti akamweleza bibi, kwa upole, kwamba majivu ni mazuri kwenye shimo, lakini koo la choo hiki limepinda na majivu hukaa hapo. Nilitamani asingesema. Uso wa bibi uliporomoka. Akalifunika kopo kwa mkono kama mtu aliyekamatwa na kitu cha wizi.

"Kwa hiyo ni mimi," akasema. "Nyumba ya mkwe wangu naiharibu mwenyewe. Jeneroza, fungasha nguo zangu. Nirudisheni Mbuba leo. Afadhali mguu uharibike kuliko uso."

Jeneroza akaanza kulia, na bibi akamwambia asilie karibu na maharage.

Tukarudi kwenye sinki letu. Tulikwangua, tukamimina maji, tukakwangua tena mpaka maji yakapita yakiwa meupe. Mkono wa mzee ulikuwa unafanya kazi, lakini macho yalikuwa mbali.

"Choo tumekiponya," nikasema, "lakini bibi anakwenda."

"Anakwenda akafie kwenye utelezi uleule," akajibu. "Labda mkwe asaidie. Ila mimi siwezi kumwambia. Mimi mtu mzima wa huku, nikilitamka nimemvua nguo mama mkwe wake mbele yake. Utamwambia wewe."

"Mimi?"

"Wewe wa Ifakara. Mgeni hana aibu."

"Mgeni ana aibu, mzee."

"Basi leo iache kwenye ndoo."

Tulirudisha sinki mahali pake, tukalipaka silikoni mpya chini. Kwenye tanki la maji mzee akafanya jambo ambalo nimelifanya nyumba nyingi tangu hapo: akachomeka kipande cha mpira kwenye tundu la boya linaloingizia maji, kikashuka hadi chini ya tanki, ili maji yanapojaa yaingie ndani ya maji na si kuanguka kutoka juu. Ule mluzi mrefu unaofuata baada ya kuvuta ukaisha. Ngurumo ya mwanzo, hiyo hakuna fundi anayeiondoa. Ni maji na yana haraka yao.

Nikaenda sebuleni. Evodi alikuwa anaongea kwa simu kuhusu fahali. Alipomaliza akaniuliza, "Mmelishinda?"

"Tumelishinda, bwana. Lakini litarudi."

"Nilijua! Kesho linang'olewa."

"Halitarudi ukilisaidia."

"Nikisaidie choo?"

"Choo chako hakipendi kimya," nikasema. Jasho lilikuwa linanitiririka mgongoni kuliko nilipokuwa nabeba sinki. "Mtu akipita hapa koridoni kwenda huko, washa redio. Sauti juu. Habari, kwaya, mpira, chochote. Usipunguze mpaka atoke."

"Choo kinataka redio?"

"Kinataka redio. Na kinataka wewe usiulize kwa nini."

Akaanza kucheka, kile kicheko chake cha mnadani. Katikati kikakatika. Mkongojo wa bibi huwa unaacha alama kwenye sakafu ile iliyopigwa rangi nyekundu, vidoa vidogo vya mviringo, na vidoa hivyo vilikuwa vinapita mbele ya kiti chake kuelekea koridoni. Akavitazama. Akatazama kikombe chake cha chai. Akajipangusa uso kwa kiganja.

"Muda wote huo," akasema polepole, "mimi nimekaa hapa..."

"Bwana Evodi, nimesema usiulize."

"Sijauliza."

Akainuka, akaishusha redio kutoka juu ya kabati, akaiweka kwenye stuli karibu kabisa na mlango wa koridoni, akazungusha mpaka akapata kwaya. Akaongeza sauti hadi kuku wakatawanyika uani. Kisha akatoka nje kwa mlango wa mbele akiongea na ng'ombe ambao hawakuwepo.

Huku nyuma bibi alikuwa bado kwenye kigoda, nguo zake zimefungwa kwenye furushi pembeni. Redio ilipolia akainua kichwa. Akamtazama Jeneroza, ambaye ghafla alikuwa na kazi nyingi jikoni. Akamtazama Mzee Laurenti, ambaye alikuwa anafunga mianzi kwenye baiskeli kwa mafundo ambayo hayakuhitajika. Hakuna aliyemwambia kitu. Akakaa. Wimbo ukaisha, mwingine ukaanza. Ndipo akachukua mkongojo.

Jeneroza akakimbia kumshika mkono.

"Niache," bibi akasema, "najua njia."

Mimi na mzee tulikuwa tumesimama kando ya chemba, mfuniko uko wazi. Sikumbuki kama niliwahi kusubiri matokeo ya mtihani wa kidato cha nne kwa namna ile. Kwaya iliimba, ikaimba. Hatukusikia kingine chochote, na hiyo ndiyo ilikuwa shabaha. Halafu chini ya miguu yetu bomba likakohoa, maji yakaja kwa nguvu, yakazunguka kwenye chemba, yakashika njia ya shimo kubwa bila kusita.

Nilitaka kupiga kelele. Mzee akanishika kiwiko.

"Funika," akasema. "Ni ya watu hayo."

Bibi alirudi, akakaa, akalifungua furushi lake, akatoa kitenge kimoja na kujifunika magoti, kama kwamba lilifungwa kwa ajili hiyo tu. Kopo la majivu akampa Jeneroza akaoshee masufuria. Jioni mwashi alipigiwa simu asije.

Alikaa pale mpaka mfupa uliposhika. Alirudi Mbuba msimu uliofuata kwa miguu yake, na huko Evodi alimjengea choo kingine, nje, mbali na masikio ya kila mtu.

Mzee Laurenti naye alirudi kwenye migomba yake Mbuba macho yalipoanza kufifia. Mimi nikaendelea, nikanunua pikipiki, leo Ngara mjini, kesho Nyabusozi, keshokutwa Biharamulo. Mara kadhaa nilifunga begi niondoke, kama nilivyoondoka kote. Kila nilipofika barabarani mtu alinipigia simu kwamba maji yamefika ukingoni. Ndivyo miaka inavyopita, si kwa uamuzi. Na kila nyumba niliomba chai kwanza. Najua mlikuwa mnanicheka. Mtakapojua choo kinatumiwa na nani, na nani yuko ukuta wa pili, nusu ya kazi mtakuwa mmeimaliza mkiwa mmekaa.

Mgongo ndio ulioamua. Sijafika hamsini, lakini mtu aliyeinama juu ya masinki kiasi hicho huzeeka kutokea kiunoni. Niliwagawia waya, mipira na koleo. Nikaenda Mbuba kuaga.

"Unakwenda wapi?" Mzee Laurenti akaniuliza.

"Nyumbani, mzee. Ifakara."

"Huko kuna vyoo?"

"Vipo."

"Basi hujaacha kazi," akasema, akanipa ndizi za njiani ambazo zingetosha basi zima.

Siku ya kuondoka basi lilisimama Nyakahura watu wanunue mahindi. Konda akasema hatukai sana. Nilivuka barabara mbio, kadiri mgongo ulivyoruhusu, hadi kwa Evodi. Uani lile sinki la kuchuchumaa lilikuwa bado lipo, kuku wakinywea maji humo. Evodi, mvi zimemwingia, alinikumbatia, Jeneroza akaleta chai, nikakumbuka kwamba tangu Ngara sijajisaidia. Miaka yote ile niliingia kwenye choo cha nyumba hii nikiwa na glovu. Nikaomba ruhusa kama mgeni.

Nikapita koridoni, nikafunga mlango. Kabla sijafungua mkanda, redio ya sebuleni ikapanda juu, kwaya nzima, mpaka bawaba zikatetemeka.

Nikacheka peke yangu mle ndani. Nikavuta mpini, maji yakaenda yote, tanki likajaa kimya. Niliporudi hakuna aliyenitazama. Evodi alikuwa ameinama kwenye stuli, anapunguza sauti, na ng'ambo ya barabara basi langu lilikuwa linapiga honi.